Mama Arshivi na Akina Mbuyi

Kwa mwaka mmoja na nusu swali moja lilininyima usingizi: je, Mama Arshivi alijua? Mengine yote niliyajua mwenyewe. Nilijua kwamba mafaili arobaini na manane ya wafanyakazi wa kampuni yetu ya migodi yalipotea alasiri moja kwa mkono wangu. Nilijua kwamba barua ya lawama iliandikwa kwa jina lake, wala si langu. Nilijua pia kwamba nilikuwemo chumbani mkuu wa ofisi alipokuwa akimhoji, na kwamba muda wote huo nilikuwa nikitazama kiyoyozi kana kwamba ndicho kilichoulizwa. Lakini kama yeye alimjua aliyefanya, hilo sikulijua, nami nililigeuza kila upande. Ikiwa alijua akanyamaza, alinyamaza kwa sababu gani? Ikiwa hakujua, nimwambie? Na nikimwambia, nitakuwa namtua yeye mzigo au najitua mimi?

Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikiulizwa saa ngapi, huwa najiuliza kwanza anayeuliza anataka kunikumbusha nini.

Hakuna ofisini aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mkuu mpaka walinzi wa lango, wote walisema Mama Arshivi, yaani mama wa kumbukumbu, kwa sababu kabla ya mashine ya kompyuta kuja yeye ndiye aliyetunza majalada ya karatasi ya watu wote wa kampuni upande wetu wa Kolwezi: makabati ya chuma yaliyojaa vyumba viwili, kila mfanyakazi na jalada lake, tangu alipoajiriwa hadi alipozikwa. Siku yangu ya kwanza, nikiwa nimetoka chuo kikuu Lubumbashi na shahada ya kompyuta na abacost, ile suti isiyovaliwa tai, moja tu ya kubadilishana na nafsi yake, nilimkuta mama mfupi amepiga magoti sakafuni anapanga karatasi. Nikamwuliza kwa Kifaransa changu kizuri mkuu wa kumbukumbu yuko wapi.

“Unamuangalia,” akasema, bila kuinuka.

Alivaa kitenge siku zote, miwani ameifunga kwa uzi wa gunia, na funguo zake zilining'inia kiunoni hivi kwamba ulimsikia kabla hujamwona. Kabla ya kufungua kabati lolote aliligonga mara tatu kwa ufunguo. Wageni walidhani ni desturi ya kwao Kasai, labda heshima kwa marehemu waliomo humo. Nilipomwuliza alisema anawapa panya muda wa kuondoka. Hapendi kukutana nao uso kwa uso.

Niseme wazi tangu sasa kwamba nilimwonea wivu. Ulikuwa wivu wa mtu aliyesomea jambo miaka mitano, kisha akamkuta mwingine analifanya huku anatafuna karanga. Chuoni kwetu kompyuta tuliisoma ubaoni. Tuliandika programu kwa kalamu ya risasi, mwalimu akazisahihisha kwa kalamu nyekundu, na mashine yenyewe tuliiona mara mbili kupitia kioo cha mlango. Nilipata daraja zuri sana. Sikuwa nimewahi kubonyeza kitufe hata kimoja.

Mashine yetu ilifika kwa treni katika sanduku la mbao, na mtaalamu kutoka Lubumbashi akaja nayo wiki tatu kutufundisha watu wawili: mimi kwa sababu ya shahada, Mama Arshivi kwa sababu ya makabati. Haikuwa na picha za kubofya kama wanavyosema ziko huko Ulaya. Ilikuwa na kioo cheusi na mstari mmoja wa herufi za kijani unaopepesa. Unaandika neno la amri, unabonyeza kitufe kikubwa cha kulia, mashine inatii. DIR, ikuonyeshe mafaili yaliyopo. CD, uingie katika chumba kingine. MD, ujenge chumba kipya. COPY ya kunakili, REN ya kubadili jina, DEL ya kufuta. Maneno sita. Mtoto angeyakariri kwa asubuhi moja, nami nilikwisha kuyakariri kabla mtaalamu hajamaliza kufuta jasho.

Kuyatumia kulikuwa jambo jingine. Niliandika amri, kisha kidole changu kikabaki hewani juu ya kitufe. Nikaisoma upya amri. Nikafikiria ingekuwaje kama nafasi kati ya maneno haya mawili ni mbili badala ya moja. Nikafikiria kampuni nzima inazimika, taa za shimo la Kamoto zinazimika, na wote wanakuja kuniuliza.

“Universitaire anaomba,” Mama Arshivi akamwambia mtaalamu, kwa jina alilonipa kwa ajili ya chuo kikuu changu. “Tungoje, aseme Amina.”

Mtaalamu alicheka mpaka akavua miwani. Kwangu hakuwahi kucheka hivyo.

Siku ya tatu alijaribu kutueleza jinsi vyumba vya mashine vinavyoingiliana, kimoja ndani ya kingine. Alichora mti uliopinduka, mizizi juu. Mimi niliuelewa mti ule vizuri. Nilikuwa nimeuchora kwenye mtihani. Mama Arshivi aliutazama kwa huruma, kisha akachukua chaki.

“Huyu muti sijauona,” akasema. “Lakini hii ni Kolwezi. Ndani ya Kolwezi kuko Manika, kuko Dilala. Ndani ya Manika kuko avenue. Ndani ya avenue kuko parcelle, kiwanja cha nyumba. Na ndani ya parcelle kuko batu. Mukisema tu ‘Ilunga’, nitamupata wapi? Mutaje Kolwezi, Manika, avenue, parcelle, njo Ilunga. Si njo vile?”

Mtaalamu alisema ndivyo hasa. Kisha akatoa daftari lake mfukoni akaandika maneno ya Mama Arshivi, ili ayatumie huko aendako. Niliutazama mkono wake unavyoandika. Katika wiki tatu hakuandika neno langu hata moja.

Msemo wake mkubwa ulitoka hapo. Kila alipoketi mbele ya mashine, kabla ya lolote, aliandika CD peke yake, na mashine ikamjibu yuko chumba gani. “Kwanza jua uko wapi,” alisema. Baada ya hapo DIR, aone waliomo. Halafu ndipo afanye alilokuja kufanya. Halafu DIR tena, aone kilichobadilika. Hatua nne kila mara, hata kama alikuwa amekwenda tu kunywa maji akarudi. Kama haujue uko wapi, alisema, usiguse kitu. Utaua batu ba parcelle ya jirani. Mimi niliona ni upotezaji wa muda. Nilikuwa na njia zilizo fupi zaidi, za kitabuni.

Alikuwa pia na daftari la shule lenye mistari, na hili ni la kukumbuka. Kila siku aliandika humo tarehe, hesabu ya mafaili asubuhi, hesabu jioni, na katika safu ya mwisho aliyekaa kitini na saa zake. Kwake kiti cha mashine kilikuwa kama usukani wa lori: aliyekishika anajibu. Jioni alilifungia daftari lile katika mtoto wa meza.

Usidhani alikuwa mtu wa mpangilio katika kila kitu. Mtu aliyeweza kukuletea jalada la mchimbaji aliyekufa zamani kabla hujamaliza kuliomba, alipoteza ufunguo wa nyumba yake kila wiki, na miwani aliitafuta ikiwa kichwani. Alipiga marufuku chakula kwenye makabati, kisha akaficha bitoyo, samaki wa chumvi, katika kabati la herufi Z. Tulipomshtaki alijibu kwamba nchi yenyewe inaanza kwa Z lakini majina ya watu wake hayaanzi, basi nafasi ipo. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, na alidanganya wakubwa bila kupepesa jicho. Mashine ilipokwisha kufika, mkuu aliamuru karatasi za zamani, isipokuwa za watu wa ofisini, zichomwe ili vyumba vitumike kwa mambo mengine. Mama Arshivi akawasha moto mkubwa nyuma ya ofisi, mkuu akauona kutoka dirishani akaridhika. Yalikuwa magazeti. Majalada yenyewe alikwisha kuyahamishia katika stoo ya zamani ya sare, chini ya marobota ya ovaroli. Hili sikulijua wakati ule. Mimi ndiye niliyetia saini ripoti kwamba karatasi hazihitajiki tena.

Sasa niseme kuhusu majina, maana bila hilo kosa langu halieleweki.

Tulikuwa tunaandika mafaili ya wafanyakazi kwenye disketi, disketi moja kwa kila kituo: machimbo, kiwanda, na Kingamyambo, yanakomwagwa mabaki ya madini. Ilibidi kila faili liwe na jina. Mama Arshivi alitaka namba ya kazi, ile ambayo kila mfanyakazi hupewa siku ya kuajiriwa. Mimi nilitaka majina. Nilisema mtu si namba. Nilisema tulirudishiwa majina yetu ya asili kwa jasho, mashine nayo iyaheshimu. Nilitoa hotuba fupi. Yeye akanisimulia mwaka ule serikali ilipoamuru watu waache majina ya ubatizo. Kwa mwezi mzima alibadilisha vibandiko vya majalada yote kwa mkono, Pierre akaondoka, Joseph akaondoka, Albert akaondoka.

“Njo nikaona,” akasema, “yale majina ya padiri ndiyo yalikuwa yanabatenganisha. Pierre Mbuyi na Joseph Mbuyi ni batu babili. Toa padiri, unabaki na Mbuyi na Mbuyi. Kila mama wa kwetu akizaa mapacha, wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Hakuna kuchagua. Kabati ya M ikajaa akina Mbuyi paka juu. Lakini namba ya kazi, Universitaire, haizaliwe mara mbili.”

Nilielewa kwamba alikuwa amesema kweli. Nilielewa palepale, na ndiyo sababu nilikataa. Mkuu akaamua kwa shahada yangu. Basi katika kila disketi wa kwanza akawa MBUYI, wa pili MBUYI2, wa tatu MBUYI3, na hivyo hivyo akina Kabanga, akina Ilunga, akina Kasongo.

Wakati huohuo tulijulishwa kwamba nafasi moja imepatikana: miezi sita ya mafunzo Likasi, na atakayerudi atakuwa msimamizi wa mashine. Nafasi ni moja, na sisi tuko wawili. Mkuu hakusema nani. Watu waliokuja kutafuta karatasi walinipita mezani kwangu wakaenda kwake. Hata yule mtaalamu, alipoandika barua kutoka Lubumbashi, salamu alizianza kwa Mama. Nilianza kuhesabu vitu vya kijinga: mkuu amecheka na nani, nani amekaribishwa chai. Nikaona ninahitaji kufanya tendo moja kubwa, la haraka, peke yangu, ambalo yeye na hatua zake nne asingeliweza kwa siku moja.

Alasiri moja alikwenda mazishini. Nikakaa kitini. Nikajenga chumba kipya ndani ya mashine, nikakiita WATU, nikaingiza disketi ya kwanza na kuyanakili mafaili yote kwa amri moja. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Kila mara mashine iliandika hesabu ya mafaili yaliyonakiliwa, na hesabu ilikuwa kamili. Sikujiuliza niko wapi. Sikupiga DIR. Kisha, kwa kuwa disketi zilikuwa adimu, nikazifuta zote tatu ili zitumike tena. Mashine iliniuliza kwa Kifaransa kama nina hakika, O ya ndiyo au N ya hapana. Mimi, ambaye huwa naomba juu ya kila kitufe, nikabonyeza O mara tatu bila kupumua. Palepale nikaanza kuandika mambo mapya juu ya disketi zile.

Mashine zile hazikuonya. Ukinakili faili la jina fulani mahali penye jina hilohilo, jipya hukalia la zamani, na la zamani halipo tena. MBUYI wa kiwanda alimkalia MBUYI wa machimbo. MBUYI wa Kingamyambo akamkalia wa kiwanda. Vivyo hivyo MBUYI2, vivyo hivyo KABANGA. Niligundua kesho yake asubuhi, nilipotaka kumwonyesha mkuu kazi yangu, nikahesabu waliomo nikakuta pungufu. Nilihesabu upya mara tano. Kisha nikasema nina malaria nikaenda nyumbani.

Siku mbili baadaye alikuja mzee Mbuyi wa machimbo, kofia mkononi, kuomba karatasi ya miaka yake ya kazi. Mashine ikatoa Mbuyi mwingine, kijana, dereva. Mzee akaisoma taratibu akasema anashukuru kurudishiwa ujana, ila hajui kuendesha gari. Watu wakacheka. Mkuu hakucheka. Akatuita sote wawili, akauliza disketi zilikuwa chini ya ulinzi wa nani. Rejista ya disketi ilikuwa na saini ya Mama Arshivi.

Ndipo nilipotazama kiyoyozi.

“Chef, mashine iko mupya,” Mama Arshivi akasema. “Wote tunajifunza.”

Mkuu alilichukua hilo kuwa kukiri. Sidhani kama hata lilimpitia akilini kwamba mwenye shahada anaweza kupoteza faili. Aliandika barua ya lawama, nakala ya karatasi kwenye jalada lake na nakala ndani ya mashine. Nami nilikwenda Likasi.

Kitu kimoja kilinikwama kooni kama mwiba wa bitoyo. Mzee Mbuyi alipokuwa bado anachekwa, Mama Arshivi alimwita pembeni akampa karatasi yake kamili, imepigwa chapa, iko tayari. Kabla mkuu hajamaliza kukasirika, karatasi ilikuwa mkononi mwa mzee. Aliipata wapi? Alisema kituo kilikuwa na nakala ya kaboni. Wiki zilizofuata wote arobaini na wanane walirudi mmoja mmoja, amewachapa upya yeye, na kila mara ilikuwa nakala ya kaboni ya kituoni. Lakini ya mzee ilikuwa tayari siku ileile. Huwezi kuanza kutengeneza kitu kabla hujajua kimevunjika. Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa.

Likasi nilijifunza mengi, na jambo la kwanza nililoleta niliporudi ni kumtambulisha kila mfanyakazi kwa namba yake ya kazi, kila namba na chumba chake. Mkuu alinisifu mbele ya wote. Mama Arshivi alikuwa amekaa nyuma, anamenya karanga. Alipiga makofi pamoja na wengine, na niliyasikia makofi yake peke yake. Ajabu ni kwamba wivu haukuniacha. Nilikuwa na kiti, nilikuwa na ufunguo wa chumba cha mashine, na bado nilimwonea wivu jinsi alivyolala, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayelala.

Alistaafu mwanzoni mwa mvua. Kwetu kuna desturi: anayestaafu husomewa jalada lake lote, ukurasa kwa ukurasa, akatia saini kwamba maisha yaliyoandikwa humo ni yake. Kwa miaka yote yeye ndiye aliyewasomea wengine. Safari hii kazi iliniangukia mimi, na kwa kuwa miguu ilikuwa imemvimba, nililichukua jalada nikaenda kwake Manika kwa miguu, nikilikinga na matone ndani ya abacost. Njiani nilisimama mara mbili. Barua ya lawama ilikuwemo, ukurasa wa mwisho.

Nilikuwa nimekwisha kufikiria la kufanya. Nakala ya ndani ya mashine ningeweza kuifuta kwa neno moja, DEL, na ile ya karatasi kuichomoa tu. Nani angejua? Lawama ingeondoka kwake, nami nisingehitaji kufungua mdomo. Nilikuwa nimeandika amri hiyo asubuhi ileile, kidole kikabaki hewani, nikaifuta amri badala ya barua.

Nilimkuta sebuleni anatafuta miwani. Nikamwonyesha kichwani pake. Tukaanza kusoma. Alitia saini taratibu: siku ya kuajiriwa, kifo cha mumewe, mwaka wa majina, pale jina lake mwenyewe la ubatizo lilipofutwa kwa mstari wa rula alioupiga kwa mkono wake. Tulipofika kwenye barua alisoma kimya, akalowesha ncha ya kalamu kwa mate, akatia saini.

“Mama,” nikasema, “hii ya mwisho si lazima uitie saini.”

“Iko mu dossier yangu. Natia.”

Kisha akanyanyuka kwa kuegemea meza, akaingia chumbani akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na yale madaftari ya shule. Alisema ni ya ofisi, si yake, amekaa nayo muda mrefu kuliko inavyofaa. Nikafungua moja, na mkono wangu ulijua ni lipi. Ukurasa ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wake wa duara. Disketi tatu asubuhi, kila moja na hesabu yake. Jioni: chumba WATU, pungufu arobaini na nane, disketi, watu hamna. Kitini: Universitaire, saa nane mpaka saa kumi.

Alikuwa amepita ofisini baada ya mazishi, kama kila jioni, kufunga siku, na saa zangu akamwuliza mlinzi. Alijua kabla yangu. Usiku ule nilipolala kwa kiburi, yeye alikwisha kujua.

“Kwa nini haukusema?”

“Ningesema, chef angeuliza ile hesabu naipata wapi, na bale batu nabarudisha na nini. Makaratasi nilikuwa nayo chini ya maovaroli. Balisema zichomwe.” Akacheka kidogo. “Mi pia nilikuwa na yangu, mwanangu. Usinifanye mutakatifu.”

Nikalifunga daftari. Mvua ilipiga mabati.

“Na tena nilikuwa nakuangalia,” akasema. “Kila asubuhi nilisema, leo Universitaire atasema. Ukaenda Likasi. Nikasema, akirudi. Ukarudi na namba zangu. Pale nilikasirika kweli. Siku hiyo nilikuchukia paka jioni.”

Nilianza kueleza, kwa kuanzia mbali, tangu chuoni, tangu kile kioo cha mlango, na alinisikiliza muda wa kutosha kumenya karanga tano au sita. Kisha akaniuliza swali lake, lilelile alilokuwa akiiuliza mashine kila mara kabla ya kugusa chochote.

“Sasa uko wapi?”

Nilisema niko Manika. Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya king'ora. Kwanza niliandika barua yangu kwa mkono, nusu ukurasa, bila hotuba: nilichofanya alasiri ile, amri nilizotumia, na kwamba namba za kazi zilikuwa wazo la Mama Arshivi tangu mwanzo. Kuhusu maovaroli sikuandika neno. Hilo ni lake. Nikampelekea mkuu, nikasimama mpaka akamaliza. Aliuliza kwa nini nayafukua ya zamani, mama mwenyewe amestaafu na hajalalamika. Nikasema nataka barua ya lawama itoke katika jalada lake iingie katika langu. Alinikumbusha kwamba barua kama hiyo hukaa na mtu maisha yake yote ya kazi. Kwenye meza yake palikuwa na karatasi ya kunipandisha cheo, ikisubiri saini. Aliichukua, akaisoma, akafungua mtoto wa meza akaiweka humo na kufunga. Kisha akagonga mhuri kwenye barua yangu. Barua ya lawama ya karatasi nikaihamishia katika jalada langu.

Nikakaa kitini. Niliandika CD peke yake, mashine ikaniambia niko wapi. Nikaingia katika chumba chenye namba ya Mama Arshivi. DIR: barua ilikuwepo. Mashine yetu haikujua kuhamisha. Ilijua kunakili, na ilijua kufuta, basi aliyetaka kuhamisha kitu ilimpasa afanye yote mawili. Nikainakili barua kwenye chumba changu, chini yake nikaongeza maneno ya ile yenye mhuri. Nikaenda huko nikapiga DIR, nikaiona iko. Nikarudi kwake. Nikaandika DEL na jina la faili, nikabonyeza. Kidole hakikusimama hewani. DIR tena: chumba chake kilibaki na miaka yake ya kazi, na hakuna kingine.

Kisha nikafungua daftari la mistari, ukurasa mpya. Tarehe, hesabu ya asubuhi, hesabu ya sasa. Katika safu ya aliyekaa kitini niliandika jina langu lote, na la baba, na namba yangu ya kazi, nisije nikachanganywa na mtu mwingine.